Bingwa wa Mapambano Yasiyofanyika

Kwa niaba ya Mheshimiwa Mwenyekiti, nautangazia umma wa Philadelphia na vitongoji vyake kwamba ubishi umekwisha.

Si ubishi wote. Ubishi wa siasa unaendelea, na ubishi wa nani anauza mkate mtamu zaidi wa nyama na jibini unaendelea pia, kwa kuwa hatujapewa mamlaka juu yake. Uliokwisha ni ubishi wa mabondia wa uzani wa juu: nani angempiga nani kama wangekutana, huyu akiwa kijana na yule akiwa mzee, huyu ametoka kutwaa ubingwa na yule ametoka jela. Suala hilo limewatesa wanaume wa jiji hili tangu babu zao. Sasa lina ofisi, lina mhuri, na lina mimi, Katibu.

Idara ya Mapambano Yasiyofanyika ilizaliwa katika saluni ya Percy Whitlock, Germantown Avenue. Mteja mmoja alisema Ezekiel Crump angemmaliza Orrin Stapleton kabla ya raundi ya nne. Mteja wa pili, aliyekuwa kitini na povu shingoni, akageuka ghafla kuuliza ni Crump yupi anayesemwa. Percy alikuwa na wembe mkononi. Mteja akaenda hospitali, na sikio likamfuata ndani ya kikombe cha barafu.

Baraza la jiji lilikutana kwa dharura. Lingeweza kupiga marufuku nyembe. Likaona ni busara zaidi kuunda idara.

Lakini swali la mteja yule lilikuwa la haki kabisa. Katika jiji letu mtu hasemi "Crump" tu, akaachwa. Crump yupi? Crump kabla ya jela au baada ya jela? Crump wa mke wa kwanza, aliyekuwa akimpikia, au Crump wa mke wa pili, aliyekuwa akipenda kutoka? "Taja usiku!" watu huambiana, na asiyeweza kutaja usiku hunyamaza akasubiri zamu yake ya kunyolewa. Idara imeichukua desturi hiyo ya mtaani na kuipa hadhi. Tumeyagawa maisha ya kila bondia katika hatua nne zinazotambulika kisheria: Njaa, Kilele, Nyumba Kubwa, na Kurudi Ulingoni kwa Sababu ya Deni la Nyumba Kubwa. Maombi yoyote yanayoletwa dirishani lazima yataje hatua ya kila bondia na usiku wenyewe, kwa kalenda ya yule aliyetangulia kufa.

Pambano huamuliwa katika Kikao cha Kufikiri. Wajumbe wanakaa, kengele inagongwa, wote wanafumba macho na kulifikiria pambano. Mheshimiwa Mwenyekiti peke yake haruhusiwi kufumba, kwa sababu ndiye anayehesabu hadi kumi mtu anapoanguka. Mwishoni anatuambia tumeona nini. Mpaka leo hatujawahi kutofautiana.

Kuna kanuni mbili ambazo ndizo uti wa mgongo wa kazi yetu. Ya kwanza: angalau mmoja wa wapinzani awe marehemu. Kama wote wawili wako hai, waende ulingoni wakapigane wenyewe. Idara ya serikali haiwezi kuwafanyia watu wazima kazi zao. Ya pili: matokeo yetu ni matokeo kamili. Yanaingia katika rekodi ya bondia, na sheria zote za ngumi zinafuata hapohapo, ikiwemo ile inayosema kwamba aliyepigwa nokauti amefungiwa siku tisini. Hapandi ulingoni, hakaribii kona ya bondia mwingine, hagusi hata ndoo ya maji, mpaka ubongo utulie. Kwa marehemu siku hizo huhesabiwa tangu usiku wa pambano, kwa aliye hai tangu nilipogonga mhuri.

Nimeeleza haya ili msomaji aelewe kwamba yaliyompata Bwana Cleophus Gaskins yalikuwa ya kawaida.

Bwana Gaskins, ambaye enzi zake aliitwa Behewa kwa sababu aliposogea hakuna aliyemsimamisha, ni mzee wa miaka sabini. Alikaribia sana ubingwa wa dunia bila kuugusa. Siku hizi anafundisha ngumi katika jengo lililokuwa gereji, na mwanafunzi wake mkubwa ni mjukuu wake, Janae, binti wa uzani wa juu ambaye mabega yake hupita mlangoni kwa zamu. Janae alikuwa na pambano lake la kwanza la kulipwa Jumamosi ile. Percy kinyozi, rafiki wa Bwana Gaskins tangu utotoni, alitaka kumpa mzee zawadi ya siku ya kuzaliwa. Wengine hununua soksi. Percy akaleta maombi dirishani: Gaskins wa Kilele dhidi ya Ezekiel Crump, Jumamosi ya pili ya Oktoba, mwaka 1951.

Tulifumba macho. Mheshimiwa akatuambia tumeona Gaskins akianguka raundi ya sita, akahesabiwa hadi kumi, asiinuke.

Niligonga mhuri, nikampelekea barua ya kufungiwa. Jumatatu asubuhi alikuwa dirishani kwangu na Janae nyuma yake, na mwanga wa korido ukapungua.

"Kijana," alisema Bwana Gaskins, "nani kanipiga?"

"Ezekiel Crump, mzee. Raundi ya sita. Pole sana."

"Crump alikufa nikiwa darasa la tatu."

"Ndiyo maana tunasisitiza upumzike. Ukipigwa na mtu wa namna hiyo, si jambo la kulichukulia kimchezomchezo."

Janae akainama mpaka uso wake ukajaa dirisha zima. "Kaka, sikiliza. Mimi napigana Jumamosi. Leseni yangu inasema kocha ni babu. Bila yeye kwenye kona, hawanipandishi. Promota kashasema, kona ikiwa tupu ananitoa kwenye orodha, na yule jamaa hapigi simu mara mbili. Nimeamka na giza miaka mitatu kwa ajili ya hiyo Jumamosi. Unanielewa?"

"Nakuelewa kikamilifu," nilisema, "na idara inasikitika. Ila hatuwezi kumruhusu mtu aliyepigwa nokauti Oktoba ashike ndoo."

"Oktoba ya mwaka gani?"

"Elfu moja mia tisa hamsini na moja."

"Babu alizaliwa arobaini na tisa!"

"Basi unaona hatari yenyewe. Kichwa cha mtoto ni laini."

Kwa kuwa sisi si watu wakatili, nilimwita daktari wa idara. Akamwambia Bwana Gaskins afuate kidole kwa macho. Mzee akakifuata kulia, akakifuata kushoto, kisha akakishika na kukirudisha mfukoni mwa daktari. Daktari akaniambia mgonjwa anakanusha kwamba alipigwa, na kukanusha ni dalili ya kwanza.

Kelele zilimtoa Mheshimiwa Mwenyekiti ofisini. Mheshimiwa Lamont Oglesby ni mtu wa mwili mzuri na suti nzuri zaidi. Alikulia mtaa mmoja na Bwana Gaskins na yeye pia ni mwanamichezo. Rekodi yake ni pambano moja, ushindi mmoja, hajawahi kushindwa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, katika sherehe za kanisa, na mpinzani wake hakutokea.

"Cleophus," alisema, "nasikia uliangushwa."

"Lamont, acha utani. Mtoto anapigana Jumamosi. Ifute hiyo karatasi."

"Ukiwa humu ndani naitwa Mheshimiwa. Na kanuni ni kanuni. Nikikufutia wewe, kesho atakuja mjane wa Stapleton ananililia nimfutie mumewe." Akamtazama kwa huruma. "Ukweli ni kwamba nilishangaa. Nilidhani utafika raundi ya nane. Mimi ningejua namna ya kumchezea Crump. Crump alikuwa akishusha mkono wa kulia. Nilikuwa na dawa yake."

Bwana Gaskins alikuwa tayari amefungua mdomo kujibu. Akaufunga. Akamtazama Mwenyekiti kwa muda, kuanzia viatu mpaka tai, kama mtu anayepima nguo kwa macho.

"Ulikuwa nayo, Mheshimiwa," alisema kwa upole. "Sote tulikuwa tukisema." Akavaa kofia, akamshika mjukuu wake mkono, wakaondoka.

Nilifurahi kuona mwananchi akiondoka ameridhika.

Kesho yake nilikwenda kwa Percy kunyolewa. Nilikuta saluni imejaa, na Bwana Gaskins ameketi kiti cha dirishani akila karanga. Waliponiona wakanikaribisha kwa uchangamfu ambao watumishi wa umma hatuupati mara nyingi.

"Katibu huyo! Mpeni nafasi, kaeni pembeni nyie," alisema Percy. "Tunataka msaada wako wa kitaalamu. Sisi tumeona jiji hili linamwonea Mheshimiwa. Mtu hajawahi kushindwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwombea pambano. Si aibu hiyo?"

"Ni aibu," nilikiri.

"Tunataka tumwombee. Oglesby dhidi ya Crump."

"Oglesby wa hatua gani?" niliuliza, maana kazi haiachwi mlangoni.

"Wa sherehe za kanisa!" alisema mmoja aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha nywele, na wenzake wakakohoa sana. Vumbi la nywele ni baya kwa kifua.

"Tajeni usiku," niliwaambia.

Percy alimtazama Bwana Gaskins kwenye kioo. Mzee akatafuna karanga. "Crump alikuwa bingwa Septemba hamsini na moja?" aliuliza.

"Alikuwa," nilisema.

"Na hakupigana na mtu mwezi ule?"

"Hakupigana."

"Basi Jumamosi ya pili ya Septemba. Tusimchoshe."

Nilivutiwa na jinsi wananchi wa kawaida wanavyojali kalenda. Nikaandika maombi papo hapo, na Percy hakunilipisha.

Kikao cha Kufikiri cha Jumatano kilikuwa kikao cha aina yake. Kwa kuwa pambano lilimhusu yeye mwenyewe, Mheshimiwa aliondoka chumbani ili haki itendeke. Baada ya muda mfupi akarudi, akatukumbusha kwamba hakuna mjumbe anayejua mtindo wa Oglesby isipokuwa Oglesby, na kumfikiria bondia usiyemjua ni uzembe. Tukakubali. Kuhusu hatua, alitaka ieleweke kwamba kwake yeye Njaa na Kilele vilikuja wiki moja.

Tulifumba macho. Kengele ikalia. Nilisikia viatu vikiteleza sakafuni, nikasikia pumzi, nikasikia kiti kikipinduka, na Mheshimiwa akisema, "Hiyo! Hiyo! Nilikwambia unashusha mkono!" Kisha akahesabu hadi kumi, taratibu, akilionja kila neno.

Tulipofumbua macho tulikuwa tumeona Oglesby akishinda kwa nokauti, raundi ya tatu. Mheshimiwa alikuwa ameegemea meza akihema na tai imehamia begani. Kwa kuwa Crump mwezi ule alikuwa bingwa wa dunia, na ubingwa humfuata anayeushinda, nikaandika katika kumbukumbu kwamba bingwa wa dunia wa uzani wa juu ni Mheshimiwa Lamont Oglesby. Mchana wake aliagiza mkanda kwa fundi wa vikombe vya shule. Ulikuwa na ndege tai mkubwa wa dhahabu katikati, na uliwekwa tundu moja la ziada.

Ijumaa tulikwenda kwenye upimaji uzito. Ulifanyika katika ukumbi wa chama cha mafundi bomba, ambako pambano lenyewe lingefanyika. Kulikuwa na wapiga picha, kulikuwa na promota akitazama saa, na kulikuwa na nusu ya saluni ya Percy. Mheshimiwa alifika na mkanda juu ya suti. Alipigwa picha nyingi. Alionyesha ngumi. Alionyesha na ile nyingine.

Janae alipanda mizani akiwa peke yake, maana babu yake alikuwa amesimama nyuma ya kamba, kule wanakosimama watazamaji. Mpinzani wake, binti mrefu kutoka Cleveland, alikuwa na makocha wawili na mtu wa kumshikia taulo. Alimtazama Janae, akatazama nafasi tupu iliyokuwa nyuma yake.

"Umekuja na nani, dada? Au umepotea njia?"

Janae hakupandisha sauti.

"Umekuja kwa miguu, utarudi kwa machela;
nikikupa moja juu, utasahau na hela."

Ukumbi ukalipuka. Lakini nilikuwa karibu, na niliona kwamba alipomaliza alimtafuta babu yake kwa macho, kama mtoto aliyesoma shairi darasani. Promota akasogea kwangu akaninong'oneza, "Mwambie ashuke. Hana kona, simpandishi. Nina binti mwingine kule nyuma kashavaa viatu."

Hapo Percy akanyanyua mkono.

"Mheshimiwa Bingwa! Samahani, swali dogo tu, la shabiki."

"Uliza, mwananchi," alisema Mheshimiwa, akiuweka mkanda sawa.

"Crump ulimwangusha mwezi gani vile?"

"Septemba. Raundi ya tatu."

"Kwa pointi?"

"Pointi!" Mheshimiwa alicheka, wapiga picha wakacheka. "Nokauti, bwana. Nokauti safi. Miguu juu."

"Basi si alifungiwa siku tisini?"

"Bila shaka. Sheria haimwogopi mtu, hata Crump."

"Mpaka Desemba."

"Mpaka Desemba."

"Sasa Mheshimiwa, yule Crump aliyempiga Gaskins mwezi wa Oktoba alikuwa Crump gani?"

Kwa kawaida ukumbi wa mafundi bomba una kelele za mabomba. Nilizisikia zote.

Mheshimiwa alinigeukia. Nami, kama ilivyo wajibu wangu, nilimpa ushauri wa kitaalamu. Crump alikuwa amefungiwa Oktoba. Bondia aliyefungiwa hawezi kupanda ulingoni. Kwa hiyo pambano lake na Gaskins halikufanyika, yaani lilikuwa halijafanyika zaidi ya yale mengine yasiyofanyika. Bwana Gaskins hakupigwa na mtu. Kufungiwa kwake kumekufa.

"Futa ushindi wangu," alininong'oneza kwa meno. "Haraka. Sema kulikuwa na kosa la uchapaji."

"Inawezekana, Mheshimiwa. Kanuni inataka mshindi mwenyewe apande mahali paonekanapo, atamke kwa sauti kwamba angepigwa. Mizani iko hapo."

Aliitazama mizani. Akawatazama wapiga picha. Mkono wake ukamgusa yule tai wa dhahabu, ukabaki pale. Janae alikuwa bado amesimama juu ya mizani. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba mtu huyu akitamka maneno mawili tu, Jumamosi yake imekwisha.

"Sifuti," alisema Mheshimiwa Mwenyekiti. "Nilimpiga."

Kelele zilizofuata sikuziandika. Watu walimnyanyulia Bwana Gaskins kamba, akapita chini yake polepole, kwa sababu ya magoti, akaenda kusimama nyuma ya mjukuu wake. Binti wa Cleveland akarudi hatua moja bila kuambiwa.

"Asante, Mheshimiwa," alisema mzee. "Sasa kwa kuwa nimepona, nina jambo. Bingwa akishakuwa bingwa ana mpinzani wa lazima, asiyeruhusiwa kumkwepa, si ndiyo? Katika rekodi zenu za uzani wa juu, aliye hai ni nani na nani?"

Nilijibu mimi, maana Mheshimiwa alikuwa na kikohozi. "Ni wawili tu, mzee. Yeye na wewe."

"Ndiyo hivyo. Lamont, mimi ni mpinzani wako wa lazima. Kesho ulingo utakuwa wazi kabla ya pambano la huyu mtoto. Raundi tatu zinatosha. Kaptula nitakuazima."

"Mpe! Mpe!" walipiga kelele watu wa saluni. "Bingwa kaingia mitini!"

Mheshimiwa alitabasamu tabasamu la picha. "Ningependa sana, wananchi. Lakini mimi ni mtu wa utaratibu. Pambano hili litapelekwa kwenye Kikao cha Kufikiri."

Ilibidi nimkumbushe kanuni ya kwanza. Kama wote wawili wako hai, waende ulingoni.

Nimefanya kazi chini ya Mheshimiwa kwa muda mrefu, na nikiri kwamba sijawahi kuiona akili yake ikienda kasi namna ile. Alinivuta pembeni ya mizani.

"Kanuni inataka mmoja awe marehemu."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Inasema marehemu kweli, au inasema marehemu katika rekodi?"

Nilifikiri. "Katika rekodi, Mheshimiwa."

"Andika basi. Mimi, Lamont Oglesby, kuanzia sasa nihesabiwe marehemu kwa madhumuni ya mchezo. Tukirudi ofisini tunakaa kikao, namwangusha huyu mzee raundi ya kwanza, anafungiwa upya kabla ya kesho. Umeona? Lete kalamu."

Nilikubali kwamba ilikuwa hoja nzito. Nikaandika, akasaini, nikagonga mhuri. Nikautangazia ukumbi kwamba bingwa amefariki kwa madhumuni ya mchezo, bila kushindwa. Watu wa saluni wakavua kofia.

Promota akanijia na kibali cha kona cha Bwana Gaskins. "Nani anasaini hapa?"

"Mwenyekiti," nilisema.

"Nakataa kusaini," alisema Mheshimiwa.

Nilimgeukia kwa heshima zote. "Mheshimiwa, ngumi ni mchezo, na kibali hiki ni cha mchezo. Marehemu hasaini."

"Sijasema nasaini! Nimesema nakataa!"

"Marehemu hakatai pia, Mheshimiwa."

"Basi nirudishe! Andika niko hai!"

"Maombi ya namna hiyo lazima yasainiwe na Mwenyekiti wa Idara."

"Mwenyekiti ni mimi!"

"Alikuwa," nilisema, na nilisema kwa majonzi ya kweli. "Katika kipindi cha maombolezo kazi zote zinakaimiwa na Katibu."

Nikasaini kibali. Sikufanya hivyo kwa kumpenda Bwana Gaskins, wala kwa kumchukia Mheshimiwa. Nilifanya kwa sababu ndivyo kanuni zinavyosema, na kanuni hizo aliziandika marehemu mwenyewe. Kuhusu kikao cha kumwangusha Gaskins raundi ya kwanza, hakikuweza kukaa: Mwenyekiti ndiye anayetuambia tumeona nini, na hakuwepo.

Jumamosi jioni ukumbi ulijaa hadi ngazini. Bwana Oglesby alikuja. Mlangoni alitaka kuingia bure kama kawaida yake, mlinzi akapitia orodha ya viongozi, hakumwona, akamwelekeza dirisha la tiketi. Aliketi safu ya tatu na mkanda kiunoni, akiwasalimia watu ambao walikuwa wakitazama viatu vyao.

Katika ngumi kuna heshima moja ambayo hakuna anayeichezea, hata wahuni wa viti vya nyuma. Bingwa anapofariki, kabla ya pambano taa hupunguzwa, watu wote husimama na kuinamisha vichwa, na kengele hugongwa mara kumi, polepole. Ni kumhesabu mtu kwa mara ya mwisho. Kila ukumbi hupewa na idara majina ya mabingwa waliofariki tangu pambano lililopita. Nilikuwa nimelipeleka jina asubuhi, kama inavyotakiwa.

"Mabibi na mabwana," alisema mtangazaji, "naomba msimame kwa ajili ya bingwa ambaye hakuwahi kushindwa. Lamont Oglesby."

Kengele ya kwanza ikalia.

Ukumbi mzima ulisimama. Mafundi bomba walisimama. Percy alisimama, kofia kifuani. Ulingoni, Janae na yule binti wa Cleveland waliinamisha vichwa, na Bwana Gaskins, akiwa kwenye kona yake na ndoo miguuni, aliinamisha chake chini kuliko wote. Bwana Oglesby alikuwa bado ameketi. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Mama mmoja mzee wa safu ya pili akageuka na kumkazia macho: "Wewe, huna adabu? Simama, kuna mtu amekufa."

Akasimama. Kwenye kengele ya nne alivua miwani. Kwenye ya saba niliona midomo yake ikienda na hesabu, kwa mazoea ya kazi, maana hakuna mtu katika jiji hili aliyewahi kuhesabu watu wengi kama yeye. Kwenye ya tisa aliinua mkono kidogo, kama bondia anayetaka kumwonyesha refa kwamba bado yumo. Refa alikuwa ameinamisha kichwa.

Ya kumi ikalia, ikafifia, na watu wakaketi. Yeye alibaki amesimama peke yake gizani, mpaka wa nyuma wakamwambia anawazibia.

Taa ziliwaka. Bwana Gaskins alimwekea mjukuu wake kinga ya meno, akampaka mafuta juu ya nyusi, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Sikiliza, mama. Kidevu chini, mkono juu, usisimame mbele yake ukashangaa. Huyu si wa kufikiria. Huyu yuko hai, ukimpiga atakurudishia."

"Sawa, babu."

"Haya nenda."

Akavuta kiti nje ya kamba, na kengele ikalia tena.